Gari la mtumba, spana za bei chee na pawa saplai ya duka: niliyoyaona hapa Mbeya, yakusaidie na wewe

Habari zenu wadau. Nina duka dogo la kompyuta na steshenari pale Mwanjelwa, naprinti, natengeneza laptop, nauza vifaa vidogo vidogo, na nina Corolla NZE121 ya mwaka 2004, ile yenye injini ya 1NZ, ambayo ndo inanipeleka Tukuyu na Kyela kusambaza wino na karatasi mashuleni na kurudi na mchele. Mwaka jana gari na duka vyote viliniingiza hasara ndani ya msimu mmoja wa mvua, na nilipokuja kukaa chini kufuatilia nikaona chanzo kinafanana, ni kuuziwa au kufungiwa kitu ambacho kwa macho kiko sawa ila hakuna aliyekipima. Nimeona niandike kila kitu na bei zake maana watu wengi wa huku nyanda za juu tunaendesha gari zile zile na tunanunua laptop zile zile.

Nianze na gari. Lilipofika kutoka Dar nililipeleka gereji moja hapa mjini kwa ajili ya sevisi ya kwanza, fundi akalikagua vizuri tu, akabadilisha oili, halafu akatoa themostati akaitupa. Akanambia kaka hii kitu ni ya Ulaya na Japani, huku kwetu inaleta joto bure. Kulanti iliyokuwemo (yale maji maalumu ya kupoza injini) akaimwaga akajaza maji ya bomba. Nilikuwa sijui lolote kuhusu hilo eneo, na kiukweli ukiuliza gereji nyingi utaambiwa hivo hivo, ni imani iliyoenea kuliko unavyodhani.

Sasa kwa hapa Mbeya hiyo ni kinyume kabisa. Themostati kazi yake ni kufunga njia ya maji mpaka injini ifike joto lake la kazi, ndipo ifungue maji yaende kwenye rejeta. Za Toyota nyingi utakuta imeandikwa 82, maana yake inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Ukiitoa, kwenye baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7 injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta ya gari inadhani ndo kwanza umewasha inaendelea kumwaga mafuta mengi, na hiyo petroli ya ziada nyingine inateremka mpaka kwenye oili. Nilikuwa nashangaa gari dogo vile linakunywa mafuta namna ile, wakati wenzangu wenye gari hilo hilo hawalalamiki. Na kwenye baadhi ya injini ukitoa themostati ile njia ndogo ya mzunguko inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, kwa hiyo ukiwa na mzigo kwenye mlima inachemsha vizuri tu wakati uliambiwa umeitoa ili isichemshe.

Kilichotokea ni hivi. Nilikuwa natoka Kyela na mchele nyuma, watu watatu ndani. Wanaoijua ile barabara wanaelewa, Kyela iko chini karibu na ziwa, kama mita 500 hivi, unapanda mpaka Tukuyu mita 1,500 na ushee, unashuka Kiwira halafu unaanza kupanda tena kuelekea Isyonje ambako unapita mita 2,000. Ni mlima mrefu ambao hauna sehemu ya kupumzisha gari. Tulivyoiacha Kiwira mshale wa joto ukaanza kupanda, nikazima AC, nikawasha hita ya ndani kwa nguvu zote (hii inasaidia kweli, inatoa joto kwenye injini, vumilieni tu), mshale ukatulia kidogo halafu ukaenda moja kwa moja kwenye nyekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikasimama pembeni nikazima.

Watu wa pale ni wema sana, mama mmoja akaja na dumu la maji ya mtoni, na kijana mwingine akawa tayari ana kitambaa mkononi anataka kufungua mfuniko wa rejeta. Nikamzuia. Hapa naomba tuelewane, rejeta ya moto usifungue kwa namna yoyote ile, hata kwa tambara zito, maji ya mle ndani yako chini ya presha na yamepita nyuzi 100, ukifungua tu yanachemka ghafla yanakuja usoni pamoja na mvuke. Na maji ya baridi usiyamwage kwenye injini ya moto, hedi (ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) ya hizi gari ni alumini, ikipoa ghafla inapinda au inapasuka. Ni kukaa kusubiri tu, zaidi ya nusu saa, mpaka unashika bomba la juu la rejeta bila kuungua. Nilimshukuru yule mama, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), maji yake tulikuja kuyatumia baadae kweli, ila gari haikwenda mbali, ikawa inatoa moshi mweupe na inatetemeka. Ikaja kuvutwa.

Safari hii nililipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa makamo maeneo ya Uyole, yeye hana gereji kubwa, ana kibanda, ila ana vifaa vya kupimia kuliko gereji zote nilizowahi kuingia. Kitu cha kwanza hakugusa injini. Alichukua ule mfuniko wa rejeta akaufunga kwenye kipampu kidogo chenye geji, akapampu. Kwenye mfuniko imeandikwa 1.1, maana yake unatakiwa ushike presha mpaka hapo. Wa kwangu ulikuwa unavujisha kabla geji haijafika hata 0.3. Akaniuliza, kijana unajua maji yanachemka nyuzi ngapi? Nikasema 100 mzee. Akasema hiyo ni Dar, siyo hapa.

Na kweli. Kadiri unavyopanda juu hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, ni kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi kwa hiyo maji kwenye sufuria yanachemka kwenye 94, Isyonje chini ya hapo. Feni ya rejeta kwenye hizi Toyota inaanza kuzunguka joto likiwa kwenye 90 na kitu. Kwa hiyo kama mfuniko haushiki presha, na ndani una maji matupu, unafika kwenye kuchemka karibu muda ule ule feni ndo inaamka. Mfuniko mzima wa 1.1 unasogeza kuchemka mpaka juu ya 115 hata kwa urefu huu, na kulanti inaongeza tena. Mtu wa Dar anaweza kuendesha na mfuniko mbovu mwaka mzima asijue, wewe wa Mbeya, Njombe, Makete, Mufindi huwezi. Kamfuniko ka elfu 25 hako.

Basi injini ikafunguliwa. Oili imekuwa chai ya maziwa, maji yamechanganyika, gasketi ya hedi imeungua kati ya silinda mbili. Mzee akaweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi akapitisha fila geji chini yake, ile yenye majani membamba ya chuma, kikomo cha hii injini ni milimita 0.05, ya kwangu jani nene zaidi ya hilo likawa linapita bila kukwama katikati. Ikaenda kusagwa. Kama fundi wako anabadilisha gasketi bila kupima unyoofu wa hedi mwambie asimame, maana utarudi pale pale baada ya muda mfupi na gasketi mpya imeungua.

Kuna jambo hapa niliweke sawa ili mtu asitapeliwe. Huku kwetu wakati wa baridi, kama unaendesha safari fupi fupi, nyumbani sokoni, sokoni nyumbani, ukifungua mfuniko wa kuwekea oili unaweza kukuta utando mweupe mweupe umeganda. Huo mara nyingi ni unyevu wa hewa tu ambao injini haikupata moto wa kutosha kuukausha, siyo gasketi. Angalia dipstiki. Kama oili ya kwenye dipstiki iko na rangi yake na maji ya rejeta hayapungui, endesha safari ndefu moja uone utando unaondoka. Kuna jirani yangu alikuwa ashaambiwa alipe laki 5 ya kufungua injini kwa sababu ya huo utando.

Gharama zangu zilikuwa hivi: kuvutwa laki 1 na 20, seti ya gasketi elfu 90, kusaga hedi 40, themostati 35, mfuniko 25, kulanti 50, oili na filta 85, ufundi laki 2. Jumla laki 6 na elfu 45, na hapo nimeacha siku ambazo mzigo wa shule ulikaa bila kupelekwa na mteja mmoja aliyeenda kwa mwingine. Injini yuzdi nzima nilikuwa natajiwa milioni 1 na nusu kwenda juu, mzee ndo alinikatalia, akasema tupime kwanza silinda.

Themostati yenyewe nilinunua mbili, moja iko kwenye boksi zuri lenye jina la Toyota kwa bei ndogo, nyingine duka lingine kwa bei niliyotaja. Mzee akachemsha maji kwenye sufuria la mkewe, akazining'iniza zote kwa uzi zisiguse chini, akaweka kipima joto. Ile ya elfu 35 kwenye 82, 83 ikaanza kuachia, unaona kabisa kimdomo kinafunguka. Ile ya boksi zuri maji yamefika mpaka kuchemka haijatikisika. Fikiria hiyo ingefungwa. Ukijaribu mwenyewe kumbuka sufuria wazi hapa kwetu halitafika 95 ambako inatakiwa iwe imefunguka yote, kwa hiyo wewe angalia inapoanzia kufunguka, na ukiitoa kwenye maji ijifunge tena.

Wakati wa kurudisha hedi ndo nikaelewa habari ya vifaa. Bolti za hedi za 1NZ zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa nguvu ya Nm 29, halafu unazungusha nyuzi 90 (robo duara), halafu 90 nyingine. Huwezi kufanya hiyo kwa kukadiria na mkono. Mzee ana toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya mtumba ya Kijapani anaifuta kwa kitambaa na kuirudisha kwenye kipimo chake cha chini kabisa kila akimaliza, maana springi yake ikikaa imekazwa inapoteza kipimo. Hapo hapo pia nikaona kwa nini bolti ya wota pampu ilikuwa imeliwa kona zote, gereji ya mwanzo walitumia soketi yenye meno 12 iliyochakaa. Soketi ya pande 6 inashika ubapa wa nati, ya meno 12 inashika kwenye kona, ikiwa laini au imepanuka ndo inakula.

Nikaamua niwe na vyangu. Zile boksi spana za vipande vingi zinazopitishwa mkononi stendi na barabarani kwa elfu 30, 40, zimeandikwa Chrome Vanadium kwa herufi kubwa, msizitegemee kwa kazi ya nguvu. Maandishi anaandika yeyote. Mimi sasa naenda dukani na bolti mpya ya 10 na ya 14 mfukoni, naingiza kwenye soketi naitikisa, ikicheza sana naacha. Naangalia mdomo wa soketi kama ukuta una unene sawa pande zote. Ratchet naizungusha taratibu nikisikiliza meno, na nabadilisha upande mara kadhaa kuona kama swichi inashika. Na badala ya vipande 100 ambavyo vingi hutavigusa, Toyota zetu karibu kila kitu ni 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 kwa nati za tairi. Nilinunua hizo tu, pande 6, nyingine mpya nyingine mtumba pale soko la Sido, hasa zile za Kijapani za zamani ambazo kromu imetoka lakini mdomo bado mzima. Kwa hela ile ile nina vitu vichache ninavyoviamini.

Jeki ya gari ni ya kubadilishia tairi tu, usiingie chini ya gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Na stendi za chuma siyo anasa. Huku kwetu karibu kila sehemu ni mteremko, gari linajisogeza, na tofali za saruji zinapasuka bila taarifa. Hili silitanii, watu wanapoteza maisha.

Kwenye oili niseme kwa kifupi, nunua duka ambalo linakupa risiti yenye jina la hiyo oili, angalia sili ya mfuniko kabla hujatoka, na galoni ukimaliza litoboe. Galoni zinanunuliwa na zinajazwa upya. Gereji ukiliacha zima umempa mtu mtaji.

Breki nazo kwa huku ni habari nyingine. Fluidi ya breki DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ila inanyonya unyevu wa hewa na ikishanyonya vya kutosha kiwango kinashuka mpaka 140. Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu upo wa kutosha. Unaposhuka kutoka Isyonje kuja Igawilo, au Kitonga upande wa Iringa, au ule mteremko wa Chunya, mguu ukiwa kwenye breki muda wote joto linapanda, fluidi inachemka na pedali inazama mpaka chini. Shuka na gia ndogo, automatiki weka 2 au L, na fluidi badilisha kila miaka miwili hata kama inaonekana safi. Tairi za mtumba soma zile namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT kwenye ubavu wa tairi, 2215 ni wiki ya 22 mwaka 2015, hata kama ina kashata nene usiichukue.

Haya, sasa duka. Kwa wale waliofuata habari ya kompyuta tu ndo imefika.

Kitu kilichounganisha gari na duka ni multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Mzee alinifundisha kupima betri: gari imezima imepumzika iwe volti 12.6 hivi, ukipiga stata isizame chini ya 9.6, injini ikiunguruma iwe kati ya 13.8 na 14.5. Kwa namba hizo tatu unajua kama tatizo ni betri au altaneta kabla hujauziwa betri mpya. Multimita yenyewe ipime kwanza kwa betri mpya ya rimoti, inatakiwa isome 1.5 na kitu kidogo juu, na usinunue isiyo na fyuzi ndani kama utaigusisha umeme wa nyumba.

Nikarudi nayo dukani. Nilikuwa na desktop mbili nilizounganishiwa na muuzaji mmoja, mpya kabisa, pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) imeandikwa 500W. Msimu wa mvua radi za huku mnazijua, na umeme unakatika na kurudi kwa kupiga piga. Siku moja umeme umerudi moja ikatoa mlio mkubwa na harufu, ikaondoka na madabodi na hadidiski yenye mitihani ya shule tatu tuliyokuwa tunaichapa. Ile siku sitaisahau, maana walimu wale walikuwa wameniamini na kazi yao na nililazimika kuwapigia mmoja mmoja. Shule mbili zilikuwa na nakala, moja ilibidi waandike upya nami nikakesha nao kuchapa.

Nilipofungua ile pawa saplai ilikuwa nyepesi mno mkononi, koili ndogo, na sehemu ambayo bodi imechorwa iwekwe vichujio vya umeme unaoingia pako wazi, wamepitisha waya tu. Halafu nikasoma lebo vizuri. Imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa, lakini kwenye mstari wa 12V imeandikwa 16A. Zidisha, 12 mara 16 ni wati 192. Prosesa na kadi ya grafiki vinakula kwenye huo mstari wa 12, kwa hiyo hiyo ndo nguvu uliyonunua kweli, iliyobaki ni maandishi. Tangu hapo nikiletewa pawa saplai sisomi namba kubwa, nasoma mstari wa 12V na kuangalia kama ina alama ya 80 Plus (ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi) na ni ya kampuni inayojulikana, halafu naipima. Unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa inawaka yenyewe nje ya kompyuta, unapima njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pima bila mzigo na pima tena ikiwa imefungwa na kompyuta inafanya kazi nzito, maana mbovu nyingi bila mzigo zinaonekana nzima. Lakini usifungue lile boksi lenyewe kama hujui, kapasita za ndani zinashika umeme mkali hata ukiwa umechomoa.

UPS, kile kiboksi chenye betri cha kushikilia umeme, siyo kwa ajili ya kuendelea kuchapa umeme ukikatika, hiyo dakika chache ni ya kusevu na kuzima. Betri ya ndani inakufa kimya kimya, mimi kila baada ya muda nachomoa ukutani mchana nione kama inashika. Na radi ikianza kupiga upande wa mlima Loleza nachomoa kila kitu ukutani pamoja na waya wa intaneti, hakuna stabilaiza ya dukani inayozuia radi ya moja kwa moja.

Wanaonunua laptop yuzdi, zile za ofisi zilizotoka Ulaya na Dubai, kwa maoni yangu ni bora kuliko laptop mpya ya bei hiyo hiyo, ThinkPad, Latitude na EliteBook zinafunguka kirahisi na spea zake zipo. Ila usilipe kabla hujafanya haya ukiwa pale pale dukani. Fungua command prompt andika powercfg /batteryreport, itakupa ukurasa unaonyesha betri ilitengenezwa na ujazo gani na sasa inashika kiasi gani, nimeona ya 50,000 inashika 14,000 na muuzaji anasema inakaa masaa manne. Weka programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi yako uende nayo, itakuonyesha disk imewaka masaa mangapi na afya yake, ukiona caution achana nayo au omba punguzo la kununua SSD. Zima uwashe uingie BIOS (ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), kama inadai paswedi usichukue, usikubali kuambiwa utatolewa baadae. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, chomeka kitu kwenye kila tundu la USB, na iache iwake video kama robo saa uone kama inazima kwa joto. Muuzaji anayekukatalia robo saa ya kupima amekujibu tayari.

Vumbi la barabara zetu za vijijini huishia kwenye feni za laptop za walimu. Nikisafisha na kuweka thermal paste mpya (ile gundi ya kutoa joto kwenye prosesa) laptop iliyokuwa inazima inarudi kazini kwa elfu 15, kabla mtu hajaambiwa madabodi imekufa.

Mwisho flashi. Flashi ya 2TB ya elfu 20 haipo. Ndani ni chipu ya gigabaiti chache ambayo imedanganywa ijitambulishe kwa ukubwa huo, unakopi vitu vyote vinaonekana vimeingia, majina ya mafaili unayaona, ukifika kufungua vya mwisho havifunguki. Programu ya H2testw inaijaza yote halafu inasoma tena, ni ya bure, inachukua muda lakini inakupa ukweli. Yule mwalimu wa shule iliyopoteza mitihani alinunua moja ya hizo kwa ajili ya kutunzia nakala, akaniletea kabla hajaitumia. Tukaiweka kwenye H2testw tukaendelea na kazi nyingine, ilikuja kuonyesha chini ya 30GB ndo za kweli. Risiti alikuwa nayo, akaenda na matokeo yameprintiwa, akarudishiwa hela yake akachukua hadidiski ya nje ya 500GB ambayo nayo tuliipima kabla hajaondoka nayo.